Siku Maji ya Mji Yaliponuka

Nyinyi vijana mnafungua mfereji huku mnatazama pembeni. Maji yakija mnakunywa, yasipokuja mnatukana. Basi mimi nimeyaona yanakotoka, nimetembea ndani yake yakanifika kiunoni, na mpaka leo nikipewa gilasi ya maji nainusa kwanza. Wajukuu zangu wananicheka. Nawaacha wacheke, hawakuwepo.

Mimi Bi Tatu, mzaliwa wa Bwejuu. Chuoni nimesoma Kurani, skuli nimepita tu kama mtu anayepita dukani bila ya kununua. Lakini nilikuwa mwanamke wa mwanzo kuingia lile handaki la maji, na hilo hamniondolei. Handaki lenyewe ni njia ya mawe na chokaa, imejengwa chini ya ardhi tangu zama za masultani. Inaanzia kwenye chemchemi upande wa Bububu, inakwenda chini kwa chini mpaka kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi ndiyo mabomba yanashuka Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mtu mzima anapita humo akiinama kama anayetafuta pini. Kazi yetu ilikuwa kuisafisha njia hiyo na kuyaosha matangi.

Kabla ya Mapinduzi kazi hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Yalipokwisha kupita yaliyopita mwaka ule wa sitini na nne, wanawake tukaambiwa nasi tutoke tukafanye kazi. Wenzangu wakapelekwa kwenye karafuu, wengine hospitali kufagia. Mimi nikapelekwa shimoni. Mama yangu aliposikia alikaa chini papo hapo, kwenye vumbi. "Mwanangu ataliwa na jiwe!" Mume wangu alisema hivi: "Jioni utarudi?" Nikamwambia ntarudi. Akasema, "Haya."

Mkubwa wa genge alikuwa Mzee Vuai, Mtumbatu, mfupi, mkimya, magoti yamevimba kwa baridi ya maji ya miaka yote ile. Ufunguo wa mlango wa chuma wa handaki aliufunga kwa kamba kiunoni, chini ya shuka, hata mkewe nadhani hakupata kuushika. Siku ya mwanzo nilimkuta mlangoni anatia mafuta kandili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchota?"

"Nimekuja kazini."

"Kazi gani?"

"Hii hii yako."

Akanitazama toka juu mpaka vidoleni. Kisha akaniuliza, mbele ya wanaume wote: "Una hedhi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu mwenyewe hakupata kuniuliza namna ile, kavu kavu, kama anauliza bei ya muhogo. "Nauliza," akasema, "kwa sababu humu mna wenyewe, wasioonekana. Hawataki mambo hayo."

Nikaona nikinyamaza leo, ntanyamaza daima. Nikamwambia, "Na hao wenyewe hawana mama zao?"

Makame, aliyekuwa kijana wa genge mwenye maneno mengi, aliegemea ukuta kwa kicheko. Mzee Vuai hakucheka. Alinipa kandili mkononi, akasema, "Mbele."

Ndani nilidhani ntakuta mabomba yanang'aa. Lo! Nilikuta nywele. Mizizi ya miti ya juu imepenya kwenye dari, imening'inia mpaka majini kama nywele za mtu aliyezama. Maji baridi yanakwenda, hayana sauti. Na mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka, mnene kama mkono wangu, akanipita baina ya miguu. Nilipiga ukelele mpaka kandili likataka kuzimika. Halafu nikaona uduvi, wadogo, weupe kama mchele, hawana hata macho.

"Mzee," nikasema, "haya ndiyo tunayokunywa?"

"Haya."

"Na hawa wamo ndani yake?"

"Hawa ndio wanaotuchungia. Siku utakayoingia usiwaone hawa weupe, toka, usiulize kitu."

Maneno hayo niliyameza tu. Sikujua kama siku hiyo itakuja.

Kazi alinifundisha kwa kunikataza. Usiingie kabla ya kandili. Litangulize kwa kamba, moto ukififia, humo hamna pumzi ya mtu, rudi. Usiingie na tumbo la kuendesha, wala na kidonda. Osha miguu kwa chumvi kwanza. Mzizi usiuvute, ukiuvuta unang'oka na chokaa ya ukuta, na hapo umefungua tundu jipya. Mzizi unasokotwa, unasokotwa, kisha unakatwa kwa kisu kifupi. Ukuta unasuguliwa kwa usumba wa nazi, zile nyuzi za kumbi, si kwa brashi ya chuma. Walituletea brashi za chuma kutoka nje, zinang'aa, Mzee Vuai akawapa wapishi wa ofisini wakasugulie masufuria.

Kuosha tangi lilikuwa jambo jengine la kushangaza. Tangi limefunikwa juu kwa zege, lina kifuniko cha chuma wanakinyanyua wanaume wawili. Ukilitoa maji unashuka kwa ngazi, unakuta tope laini kama uji, na ndani ya tope vitu ambavyo hata ukiniapisha sijui vimeingiaje. Kiatu kimoja cha kike, cha kisigino. Kijiko cha fedha. Mara moja, wallahi, meno ya bandia, safu nzima ya juu, yanacheka peke yake kwenye tope. Makame aliyaosha akayatia mfukoni, na wiki nzima alipokutana na mzee yeyote asiye na meno alimwamkia kwa adabu kubwa, kisha anamwuliza: "Mzee wangu, hukuangusha kitu?"

Basi ndivyo tulivyokwenda. Niliizoea baridi, nikawazoea mikunga, na hao wenyewe wa shimoni sikupata kuwaona. Wanaume wakaacha kuniita "bibi" wakaniita Tatu.

Baba alipofariki nikamleta mama kutoka Bwejuu akae na sisi Bububu. Jina lake Bi Mwanakheri. Mama yangu hakujua kukaa. Maisha yake yote alikuwa mwanamke wa makumbi. Nyinyi wa mjini mnayaona makumbi ya nazi yanatupwa, lakini kule kwetu ndiyo mali. Unachimba shimo pwani, maji yakitoka, unayafukia makumbi ndani ya mchanga, unayagandamiza kwa mawe, unayaacha miezi mpaka yaoze. Kisha unayafukua, unayaponda kwa rungu, unapata usumba, unasokota kamba. Harufu yake wakati wa kufukua, Mola atuepushe. Ukiishika kwa mkono, siku mbili tatu hutamani kula kwa mkono huo.

Mama akashuka pwani ya Bububu na makumbi yake kichwani. Wanawake wa pale wakamwambia mashimo yote yana wenyewe. Alirudi amevimba kwa hasira: "Bahari nayo imeshapata wenyewe!" Kisha akatulia. Sikumwuliza kitu, nilidhani wamepatana.

Masika ya mwaka ule, na mwaka wenyewe siukumbuki sawasawa, ila Ng'ambo walikuwa washaanza kuchimba misingi ya yale majumba marefu, mvua ilinyesha kama imekasirika. Na maji ya mji yakanuka.

Si kunuka kwa tope. Ulikuwa uvundo wa kitu kilichokufa kikafa tena. Yalitoka mferejini na rangi ya chai ya rangi. Wanawake wakayachemsha na karafuu, yakanuka uvundo na karafuu. Wauza kahawa walikaa na madele yao barazani, hapana anayekunywa. Misikitini watu walisimama mbele ya birika wakabishana kama maji yaliyobadilika namna ile yanafaa kutilia udhu. Watoto wakaanza kuumwa na matumbo. Na watu wakaanza kunong'ona: maji yametiwa sumu.

Wakati ule lilikuwepo neno moja, hujuma. Nyinyi mnalisoma kwenye vitabu. Sisi likitajwa mtaani, mtu hukumbuka kuwa ana jambo nyumbani, akaondoka.

Tuliingia asubuhi ile na Mzee Vuai. Alipiga hatua chache, akainamisha kandili majini, akatazama. Hapana hata uduvi mmoja. "Tokeni," akasema. Tulipotoka tukakuta gari imesimama nje, na watu wawili wamevaa vizuri.

"Nani mwenye ufunguo wa mlango huu?"

"Mimi," akasema Mzee Vuai.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi utakuja na sisi, utueleze."

Yeye hakubisha. Alitia mkono chini ya shuka, akafungua ile kamba, akanipa ufunguo. Mimi, si Makame. "Msiingie kabla ya kandili," akasema. Kisha, akiwa mguu mmoja ushapanda gari: "Mwambieni mama watoto nimechelewa kidogo."

Nimeona mengi, lakini kile kisogo cha mzee yule nyuma ya kioo cha gari sijakisahau. Mtu aliyeyalinda maji kama mboni ya jicho, anachukuliwa kwa kuyatia sumu!

Nikamwambia Makame, "Tunaingia."

"Tunaingia wapi? Nasi tutasemwa tumo!"

"Makame, weye kaa hapo mlangoni ulee khofu yako. Mimi nakwenda kutazama kilichooza."

Alinifuata, huku akinitukana kwa sauti ndogo. Tulipita pale tunapofanya kazi siku zote, tukapita mwisho wa ukuta wa chokaa, mpaka pale jiwe la Mungu, lisilojengwa na mtu, linapoanza, ambapo Mzee Vuai alikuwa hapeleki mtu. Kandili halikufifia. Upande wa kulia palikuwa na ufa, na maji meusi yalikuwa yanatoka humo, yanachanganyika na maji meupe. Mimi nilikuwa mwembamba siku hizo, msinitazame sasa. Nikajipenyeza.

Ndani ya ufa mlikuwa na kisima cha jiwe, na juu yake tundu la mwanga wa jua. Na chini ya mwanga ule, rundo. Pua yangu ilijua kabla ya macho. Makumbi. Yamefungwa mafungu kwa wavu mkuukuu, yamegandamizwa kwa mawe, kazi safi, kazi ya mtu anayejua. Na fungu la juu lilikuwa limefungwa kwa upindo wa kanga, nyekundu, yenye nakshi ya korosho. Kanga hiyo niliinunua mimi mwenyewe. Nilimpa mama siku ya Idi.

Makame akapiga kelele kule nyuma: "Umeona nini?"

"Makumbi."

"Ya nani?"

Maji yalinifika kiunoni na nilikuwa natoka jasho. Nikisema, mama yangu anapanda gari ile. Nikinyamaza, Mzee Vuai hashuki. "Tatu! Ya nani?"

"Hayakuandikwa jina," nikasema. Nikaukata ule upindo kwa kisu changu cha mizizi, nikautia kifuani.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele. Sikumwamkia. Niliutupa ule upindo juu ya ungo.

"Uliyafukia wapi makumbi yako, mama?"

"Kwenye shimo la mawe, kule kwenye vichaka. Kwani umeyaona? Yameiva?"

"Mama! Yale ni maji ya mji!"

"Maji gani ya mji? Ile bahari."

"Bahari ya wapi, mama, huko juu?"

"Tatu, mimi nimezaliwa Bwejuu. Kwetu kila shimo la jiwe chini yake ni bahari. Maji yanapanda, yanashuka, mna na uduvi. Nikaona, alhamdulillahi, bahari imenifuata mwenyewe, haina wenyewe."

"Na hukuyaonja?"

"Nani anayeonja bahari?"

Kweli, nani anayeonja bahari? Nikamweleza: watoto wanaumwa, misikitini hawatii udhu, na Mzee Vuai kachukuliwa, wanasema katia sumu. Mama aliuweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike.

"Mzee yule aliyekufundisha kazi?"

"Huyo huyo."

"Ana watoto?"

"Ana wajukuu."

"Nipe kanga zangu."

"Mama, ngoja kwanza, tufikiri tutakavyosema..."

"Hapana cha kufikiri. Makumbi ni yangu."

Nilidhani anakwenda kuongea. Masalale! Mama alikwenda shimoni, akatia ndoana ya mti, akavuta fungu zima lililooza, linachuruzika maji meusi, akajitwika kichwani. Akashika njia ya mjini kwa miguu, kwa sababu hapana gari ingempakia. Mimi nyuma yake, nimeziba pua na machozi yananitoka. Kila tulipopita watu wanakimbia barazani. Mmoja akapiga kelele, "Bi mkubwa, umefukua maiti?" Mama akamjibu bila ya kugeuka, "Naam, na ntamfufua."

Aliyekuwa mkubwa wetu ofisini ni kijana mmoja, nitamwita Ndugu Haji, mashati yake yamenyooshwa mpaka yanakata. Mama akaingia bila ya hodi, akalitua fungu mezani kwake. Pwaa!

Ndugu Haji aliruka mpaka dirishani. "Nini hii?"

"Hii ndiyo sumu yako."

"Nani kakutuma?"

"Kanituma nani? Nilijituma. Nilitaka kamba, sikuona pahala pa kufukia makumbi, nikayatia kwenye shimo nikidhani bahari. Mzee wa watu hajui chochote. Mimi ndiye, na hapa nimesimama."

Ndugu Haji alikaribia pole pole, leso puani. Akaiondoa leso. Akanusa. Nikamwona uso wake unabadilika, unakuwa uso wa mtoto. "Makumbi," akasema. "Bibi yangu wa Uroa... nimelelewa ndani ya harufu hii. Nimekunywa maji haya siku zote hizi, nimeyanusa, na hata siku moja haikunijia."

"Kwa sababu umeikuta kwenye gilasi," mama akasema. "Sasa nitolee yule mzee."

"Mimi sina uwezo wa kumtoa, mama. Mimi niliripoti tu."

"Basi twende ukaripoti tena."

Na tulikwenda mpaka pale alipozuiliwa mzee. Ndugu Haji mbele, viatu vyake vinameremeta, mama nyuma na fungu lake kichwani, kagoma kuliacha, ati ndilo shahidi. Pale mlangoni walitukataza kuingia. Mama akasema vyema, tutangoja, akalitua fungu kizingitini, kwenye jua. Haukupita muda mrefu akatoka mtu kaziba pua kwa mikono miwili, akamwita Ndugu Haji ndani. Walikaa huko. Mama hakukaa chini, hakunywa kitu. Midomo yake ilikuwa inasoma. Nilijua anasoma nini, na nilijua vilevile kwamba mlango ule unaweza kufunguka akatoka mmoja akaingia mwengine.

Ukafunguka. Akatoka Mzee Vuai, shuka yake imekunjamana, kapungua, anapepesa macho kama anapotoka handakini. Hawakumwita mama. Mpaka leo sijui Ndugu Haji aliwaambia nini, na sijui kama alilala usingizi wiki ile. Sikumwuliza.

Mama alimwendea mzee, akasimama mbele yake. Mwanamke yule sijapata kumwona kainamisha kichwa kwa mtu. "Nimekukosea," akasema. "Nimekupakaza uchafu wangu. Nisamehe."

Mzee Vuai aliliangalia fungu kizingitini. Akainama, magoti yakalia, akachomoa kumbi moja, akalipinda kwa vidole, akalivuta nyuzi.

"Yameiva," akasema. "Msiyatupe."

Tuliyatoa makumbi yote, tukalisafisha handaki, tukamwaga chokaa, na maji yalichukua siku nyingi kurudi rangi yake. Mama aliyaponda yale makumbi uwani kwangu, majirani wakatuhama. Akasokota kamba moja ndefu, nene, kazi ambayo sijaiona tena. Akampelekea Mzee Vuai.

Palikuwa pamebaki takataka chini kabisa ya lile shimo, na ilibidi mtu ateremshwe kutoka juu. Makame akajitolea. Mzee Vuai akamwambia kaa. Alijifunga ile kamba kiunoni, pale pale ulipokuwa ufunguo, akalivuta fundo, kisha ncha ya kamba akampa mama.

"Mimi?" mama akasema. "Wapo wanaume."

"Kamba ya nani?"

Mama akaizungusha kwenye mti, akajizungusha nayo, akaishika. Mzee akatangulizwa na kandili, akashuka. Nilisimama karibu na mama, nikaiona mishipa ya mikono yake, nikaona jicho lake limeganda kwenye lile tundu, halipepesi. Maisha ya mtu ambaye mama nusura ampoteze yalikuwa yananing'inia kwenye makumbi yale yale, na alijua. Sote tulijua.

Kamba ikatikisika, tukavuta. Mzee Vuai akatokeza, anachuruzika maji, mkononi kashika kata ya kifuu. Hakumpa mtu mwengine. Alimpa mama.

"Uduvi wamerudi," akasema. "Onja."

Mama aliishika kata kwa mikono miwili, akaipeleka puani, kisha mdomoni. Akanywa mpaka akamaliza. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamshwa.

"Kumbe matamu," akasema.